Likizo na Kumbukumbu za Vita: Askari Juu ya Nguzo, Mpagazi Katika Jina la Soko

Katika makala hii tunakusudia kujadili jambo ambalo kwa haraka huonekana dogo, nalo ni kutembelea makumbusho ya vita na minara ya mashujaa wakati wa likizo. Tumelichagua kwa sababu makada na wanafunzi wengi huyapita mambo haya kila siku bila ya kuyauliza swali lo lote. Mtu anaweza kukaa Dar es Salaam miaka 20, akapita mbele ya Sanamu ya Askari kila asubuhi aendapo kazini, akanunua mchele Kariakoo kila mwisho wa juma, na bado asitambue kwamba mahali hapo pawili panasimulia vita vile vile, na kwamba masimulizi hayo mawili hayapatani.

Hoja yetu ni hii. Mnara wa vita hausimulii vita tu. Kabla ya yote husimulia mawazo ya aliyeujenga: nani alistahili kukumbukwa machoni pake, kwa sura gani, na kwa manufaa ya nani. Kwa hiyo anayekwenda kuutazama akiwa mikono mitupu, bila ya maswali, hurudi amebeba mawazo ya mjenzi akidhani amebeba historia.

LIKIZO NA KAZI YA AKILI

Likizo yenye malipo ni haki ya mfanyakazi, na haki hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Ilipatikana kwa mapambano. Mwili unastahili kupumzika. Lakini akili ya kada hupumzika kwa kubadili kazi, si kwa kulala.

Katika nchi za Ulaya, kutembelea viwanja vya vita vya zamani ni desturi kubwa. Watu husafiri kwenda Verdun nchini Ufaransa au Ypres nchini Ubelgiji, wakasoma majina ya waliokufa na kuweka maua. Sisi hatuna haja ya kudharau desturi hiyo. Lakini baadhi ya wasomi wetu wanazijua habari za Verdun kuliko za Mahiwa, mkoani Lindi, ambako Oktoba 1917 yalipiganwa mapigano makali kuliko mengi ya vita vile vile vya 1914-1918. Kasoro hiyo ni ya elimu, na dawa yake iko karibu. Anayeishi Dar es Salaam hahitaji nauli ya ndege. Anahitaji viatu vya kutembelea na nusu siku tu. Aanze kwenye Sanamu ya Askari, ashuke Barabara ya Samora mpaka Mnara wa Saa, apite pembezoni mwa Mchafukoge hadi Mnazi Mmoja, kisha avuke aingie Kariakoo. Katika njia hiyo fupi atakutana na mkoloni wa kwanza, mkoloni wa pili, taifa huru, na umma wenyewe.

SANAMU YA ASKARI

Tuanze na mkoloni wa kwanza, ambaye mnara wake haupo tena. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha mjini Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeongoza majeshi ya kuwakandamiza watu wa pwani waliopambana na ukoloni kuanzia mwaka 1888 chini ya viongozi kama Abushiri bin Salim na Bwana Heri. Katika mnara huo Wissmann alisimama juu, na chini yake aliwekwa askari wa Kiafrika akimtazama bwana wake. Waingereza walipoiteka nchi, waliiondoa sanamu hiyo. Mwaka 1922 ilisimamishwa tena Hamburg, Ujerumani, mbele ya Chuo Kikuu, na huko wanafunzi waliiangusha mwaka 1967, kisha tena mwaka 1968. Hata vijana wa nchi ya mkoloni mwenyewe walifikia kuuliza ni haki gani iliyomweka mtu yule juu.

Mahali pa Wissmann katika fikra za mji palichukuliwa na Sanamu ya Askari tunayoiona leo katika makutano ya Barabara ya Samora na Azikiwe. Ni kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, na ilizinduliwa mwaka 1927. Ni askari wa Kiafrika wa shaba, bunduki mikononi, singe imeelekea upande wa bandari. Chini yake yapo maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yaliyotungwa na mwandishi Rudyard Kipling, msifu mkubwa wa dola ya Kiingereza.

Mwaka 1909 Mwafrika alikuwa chini ya nguzo, na mwaka 1927 alipandishwa juu. Je, alikuwa amekombolewa? Hapana. Bwana alikuwa ametoweka machoni, amri ikabaki. Askari yule haelekezi singe kwa adui wa watu wake, anaielekeza kwa adui wa mfalme wa Uingereza. Maandishi yanasema wazi kwamba waliokufa walikufa kwa ajili ya mfalme na nchi. Hapana budi tuulize: nchi ipi? Mwaka 1914 Myao, Mnyamwezi au Mkamba hakuwa na nchi aliyoruhusiwa kuiita yake. Alikuwa raia wa daraja la chini katika mali ya mwingine, na wenye mali walikuwa wakigombana.

Kuna jambo zito zaidi. Maandishi hayo yanamwahidi aliyekufa kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Lakini tukilizunguka jiwe lote hatuoni jina hata moja la Mwafrika aliyekufa. Msomaji anaweza kudhani kwamba huo ulikuwa ndio mtindo wa zamani, au kwamba waliokufa walikuwa wengi mno. Sivyo. Mwaka huo huo wa 1927, dola hiyo hiyo ya Kiingereza ilizindua lango la ukumbusho la Menin mjini Ypres, na katika kuta zake yalichongwa majina ya askari zaidi ya 54,000 ambao makaburi yao hayakujulikana. Tume ya makaburi ya vita ya dola hiyo ilikuwa na kanuni kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila ya kujali cheo, rangi wala dini, na mshauri wake wa mambo ya uandishi alikuwa Kipling yule yule. Huko Ypres jiwe lilitosha kwa majina 54,000. Huku kwetu lilitosha kwa ahadi tu.

VITA VYA MPAGAZI

Sasa tumtazame asiyekuwa juu ya nguzo. Maandishi ya sanamu yanawataja wapagazi kwa kuwalinganisha na viungo vya mwili wa jeshi. Kulinganisha huko kunafichua mengi, maana kiungo hakina jina, hakina familia, wala hakidai mshahara. Mjini Nairobi sanamu ya namna hii ina watu watatu, na mpagazi ni mmojawapo. Dar es Salaam juu ya nguzo yuko mwenye bunduki peke yake.

Kwa nini wapagazi walihitajika kwa wingi? Hapa tutazame hali halisi ya uchumi wa vita vile. Sehemu kubwa ya nchi haikuwa na reli wala barabara za magari. Farasi, nyumbu na ng'ombe walioletwa kubeba mizigo waliuawa na mbung'o. Ikabaki mgongo wa binadamu. Tuchukue mfano wa hesabu. Mpagazi mmoja amebeba unga kilo 25, naye mwenyewe lazima ale walau kilo 1 kwa siku. Akitembea siku 10 kwenda na siku 10 kurudi, amekula kilo 20, na zilizofika kwa askari ni kilo 5. Kwa hiyo kila jeshi lilivyosonga mbele kutoka relini, idadi ya wapagazi ilipanda mara dufu, na mkuu wa jeshi alipotaka kuokoa chakula alipunguza kile cha mpagazi. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya vita vya Afrika Mashariki. Vilipiganwa kwa risasi katika siku chache, na kwa mabega ya watu katika siku zote.

Kwa upande wa Waingereza peke yao, watu wapatao milioni 1 walitumikishwa kama wapagazi katika miaka ile. Walitoka Tanganyika yenyewe, Kenya, Uganda, Nyasaland na kwingineko. Wengine walishawishiwa kwa mshahara, na wengi walishikwa kwa nguvu. Katika Kenya ya leo, sheria ya mwaka 1915 iliwapa watawala uwezo wa kuwashurutisha watu, na mwaka 1917 msako mkubwa ulifanyika wilaya baada ya wilaya. Wajerumani nao waliwakamata watu na kuchukua akiba za vyakula walikopita. Wabelgiji waliotoka Kongo walifanya hivyo hivyo. Mkulima hakuulizwa anampenda beberu yupi. Aliulizwa anaweza kubeba kiasi gani.

Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Mtu aliyezoea ndizi au mihogo alipewa unga mgumu, bila ya muda wa kutosha wala kuni za kuupika vizuri. Alilala juu ya matope, bila ya blanketi la kutosha, na kesho yake akatwishwa mzigo. Hesabu rasmi za Waingereza zilitaja vifo vya wapagazi vinavyokaribia 45,000. Wanahistoria waliochunguza baadaye wanakadiria zaidi ya 90,000, maana waliotoroka, waliopotea na waliokufa wakirudi makwao hawakuhesabiwa vizuri. Ofisa mmoja wa Wizara ya Makoloni mjini London aliandika katika majalada kwamba kampeni ile iliponea chupuchupu kuwa kashfa, na iliponea kwa sababu waliopata taabu kubwa zaidi walikuwa wapagazi tu, na nani angewajali. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao, na serikali za makoloni zilibishana na London juu ya fedha hizo kwa miaka mingi.

Wala mateso hayakwisha kwa wale waliochukuliwa. Nguvukazi ilipotolewa mashambani na ghala zikafagiliwa na majeshi ya pande zote, njaa ilifuata. Wagogo wanaikumbuka njaa ya mwaka 1917 hadi 1920 kwa jina la Mtunya. Kisha yakaja mafua makubwa ya mwaka 1918 yakiwakuta watu waliokwisha kudhoofika. Hakuna sanamu ya shaba ya mwanamke wa Ugogo aliyebaki na watoto, jembe na ghala tupu. Lakini naye alikuwa ndani ya vita vile.

KUTOKA MNAZI MMOJA HADI KARIAKOO

Sasa tuendelee na safari yetu. Tukivuka Mchafukoge tunafika Mnazi Mmoja. Katika mji wa kikoloni uwanja huu ulikuwa mpaka: upande mmoja maduka na nyumba za Uhindini, upande wa pili makazi ya Waafrika. Baada ya Uhuru uwanja wa kuwatenga watu ulifanywa uwanja wa kuwakusanya. Upo mnara wenye mfano wa Mwenge wa Uhuru, na kwa miaka mingi hapo ndipo taifa lilipoadhimisha Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai.

Msomaji azitazame silaha zinazowekwa katika ibada hiyo ya kitaifa. Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na mwakilishi wa wazee waliopigana vita huweka shoka. Hizo si silaha za jeshi la mfalme. Ni silaha za waliopinga kutawaliwa: za Wahehe walioliangamiza jeshi la Zelewski huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na za wakulima wa Majimaji wa mwaka 1905 hadi 1907. Taifa huru liliamua kwamba shujaa wake si yule aliyepewa bunduki na mgeni, bali yule aliyechukua alichokuwa nacho akamkabili mgeni. Hilo lilikuwa jibu kwa sanamu ya mwaka 1927, nalo lilitolewa bila ya kuivunja.

Hata hivyo, tukiwa wakweli, katika silaha zile mpagazi bado hatumwoni. Yeye hakushika mkuki wala bunduki. Alishika mzigo. Ili tumkute lazima tuingie Kariakoo.

Jina Kariakoo limetokana na Kiingereza Carrier Corps, yaani Kikosi cha Wapagazi. Wajerumani walikuwa wamejenga jengo kubwa hapo kabla ya vita, kwa ajili ya sherehe za mfalme wao. Vita vikazuka. Waingereza walipouteka mji tarehe 4 Septemba 1916, eneo lile wakalifanya kambi ya wapagazi. Vita vilipokwisha, jengo likawa soko. Mwaka 1975 lilifunguliwa soko jipya, kazi ya Beda Amuli, msanifu wa majengo Mtanzania. Soko hilo liliungua tarehe 10 Julai 2021, na baadaye kazi ya kulikarabati na kulipanua ikaanza. Jengo la mfalme limekwenda, kambi imekwenda, lakini jina la wapagazi halikuungua. Nairobi nako kuna mtaa wenye jina la asili hiyo hiyo.

Tutafakari maana yake. Hakuna gavana aliyeamuru jina hili kwa heshima ya wapagazi. Watu wa kawaida walililainisha neno la jeshi vinywani mwao, wakalifanya Kiswahili, na wakaendelea kulitaja kila siku kwa zaidi ya miaka 100. Ahadi iliyoandikwa kwenye shaba haikutimizwa na walioiandika. Kwa kiasi fulani umma ndio ulioitimiza, bila ya shaba. Na leo, katika mitaa hiyo hiyo, wachukuzi na wasukuma mikokoteni bado wanabeba mizigo ya watu wengine kwa malipo madogo. Anayekwenda Kariakoo kutafuta historia asiwasukume hao pembeni ili apate kuona vizuri.

MAKABURI NA MAJINA

Nje kidogo ya katikati ya mji, katika barabara iendayo Bagamoyo, yapo makaburi ya vita ya Dar es Salaam, yenye nyasi zilizokatwa na mawe yaliyopangwa kwa mstari. Makaburi hayo yalianzishwa mwaka 1968, pale ujenzi wa barabara ulipolazimisha kuhamishwa makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza kutoka Ocean Road. Ilipofika zamu ya sehemu walimozikwa Waafrika, ilionekana kwamba kila kaburi halikuwa limewekewa alama yake. Basi mabaki yao yalizikwa upya katika makaburi 5 ya pamoja. Wengine walihamishwa na majina yao, wao walihamishwa bila ya majina.

Jambo hili si chuki yetu dhidi ya wageni. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, mrithi wa tume ile ya zamani, ilitoa taarifa ya uchunguzi ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Radhi ni jambo jema. Lakini miaka 94 ilikuwa imepita tangu mwaka 1927, na watoto walioahidiwa kuyakumbuka majina ya baba zao walikuwa wamekwisha kuzikwa.

TUFANYE NINI?

Baadhi ya ndugu husema: sanamu ile ni ya mkoloni, ivunjwe. Tunaielewa hasira hiyo, lakini hatukubaliani nayo. Tukiivunja tutaondoa ushahidi, na waliokosewa watabaki bila ya majina kama kwanza. Wengine husema: yaliyopita yamepita, sanamu ni pambo la mji na kivutio cha watalii. Hao tunawapinga zaidi, maana wanataka ahadi iliyovunjwa igeuzwe picha ya kununua. Msimamo sahihi ni kuiacha sanamu isimame na kumfundisha kila kijana namna ya kuisoma, huku tukiifanya kazi ambayo sanamu haikuifanya.

Kwanza, kila anayetembelea kumbukumbu ya vita, hapa au nje ya nchi, aende na maswali matatu. Nani aliujenga mnara huu, na mwaka gani? Nani amepandishwa juu, na nani ameachwa? Ni tendo gani tunalotakiwa kulisifu, na lilimnufaisha nani?

Pili, likizo za kwenda mikoani zitumike. Anayekwenda Ruvuma afike Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji yaliyofunguliwa mwaka 1980, azione sanamu za manduna wa Wangoni, na makaburi ya Nduna Songea Mbano na wenzake walionyongwa mwaka 1906. Anayekwenda Iringa afike Kalenga, kulikohifadhiwa fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954. Anayekwenda Kagera afike Kaboya, walikozikwa askari wetu waliokufa katika vita vya 1978-1979 dhidi ya majeshi ya Idi Amin. Maswali yale matatu tuyaulize hata hapo, ijapokuwa wajenzi ni sisi wenyewe. Je, wanamgambo na wanavijiji waliobeba, waliopika na waliokimbia makwao wanakumbukwa vya kutosha? Somo lisilotugusa sisi wenyewe si somo la siasa.

Tatu, kazi ya majina ianze nyumbani. Wapo wazee ambao babu zao walichukuliwa upagazi wasirudi. Mwanafunzi aliye likizoni aketi nao, aandike jina, kijiji, aliyemchukua, na habari za mwisho zilizofika. Daftari moja kwa kila shule linatosha kuanzia. Likichelewa miaka 10 litakuwa daftari tupu.

Nne, viongozi wa kata na wafanyabiashara wa Kariakoo walizungumze katika vikao vyao jambo la kuwekwa sokoni jiwe au ubao unaoeleza, kwa Kiswahili chepesi, jina la mahali hapo limetoka wapi na ni watu gani waliopita hapo wakiwa na mizigo vichwani. Jiwe hilo halihitaji mtu wa shaba. Linahitaji nafasi tupu ya kutosha chini ya maandishi yake, ili kila jina litakalopatikana liongezwe.

Vita vya 1914 hadi 1918 vilikuwa vita vya mabeberu kugawana nyumba isiyokuwa yao, na gharama yake ililipwa na wenye nyumba. Kuwakumbuka waliolipa si kuwasifu waliowalipisha. Ni kuchukua kutoka mikononi mwa mkoloni haki ya kuamua nani ahesabiwe kuwa mtu. Haki hiyo hatuwezi kuiachia shaba ya mwaka 1927, wala hatuwezi kuiachia radhi ya mwaka 2021. Ni yetu, na kazi yake inaanza kwa kuuliza jina.